Koma Nesa

"Toa mwili wako hapo, Kadii. Sisemi tena."

"Sema hata mara kumi, Mama Idah. Gundi hii haipakwi leo."

Kadii alikuwa ameikalia ndoo. Hakuishika, hakuiegemea, aliikalia barabara, leso ameipanga vizuri magotini kama mgeni aliyekaribishwa kiti cha heshima. Ndinda alisimama mbele yake na brashi mkononi, jasho likimtiririka mgongoni. Nyuma yake, zulia lake la kwanza maishani lilikuwa bado limewambwa kwenye fremu, manyoya yake yameelekea kwa watu, maneno yake mawili mekundu yakisomeka hata na mtu aliye ng'ambo ya barabara.

"Ni zulia langu," Ndinda akasema. "Uzi wangu. Mgongo ulioumia ni wangu. Jumamosi zilizopotea ni zangu."

"Sijakataa. Na ndoo?"

"Ndoo ni ya karakana. Ya wote."

"Basi na mimi ni katika hao wote. Nimekalia fungu langu."

Kwenye meza ya useremala Thuku alipiga kicheko, kisha akakimeza alipokutana na macho ya Ndinda. Thuku ndiye aliyetengeneza fremu zote za mle ndani, na kila aliyekuja kujifunza kazi alimkuta pale pale, anaranda ubao, kalamu sikioni, masikio yote mawili kwenye maneno ya watu.

Karakana yenyewe ilikuwa ghala la zamani la unga, nyuma ya soko la Kilifi. Watu waligawana paa, meza, stima na umbea. Mashine ya mazulia ilikuwa moja tu, ile ya kushika mkononi inayodunga uzi kitambaani kwa kishindo cha tatatata, na kwa umbo lake na kelele zake hakuna aliyeiita jina lingine ila bunduki. Mjuzi wake alikuwa Kadii. Yeye ndiye aliyemfundisha Ndinda kuishika kwa mikono miwili, kuikandamiza isipwaye, kuipandisha bila kuisimamisha mahali pamoja, maana ikisimama inatafuna kitambaa. Ndiye pia aliyemfundisha kwamba zulia hushonwa kwa upande wa nyuma, kwa hiyo herufi huchorwa kinyume ili zikitokea mbele zije sawa.

Balaa lilijificha hapo. Ndinda alizichora herufi zake kinyume, akazishona kinyume, na wiki zote hizo uso wa zulia ulikuwa umegeukia ukuta. Aliyeyasoma maneno yale ni ukuta peke yake. Asubuhi hii ndipo Thuku alipomsaidia kuigeuza fremu ili apunguze kwa mkasi nyuzi zilizochomoza, na Kadii akaingia na chupa ya chai, akasoma, akaiweka chupa chini polepole.

"Koma?" aliuliza. "Unamwambia nani akome?"

Walicheka wote watatu. Hata Ndinda alicheka, maana hilo alilitarajia. Kwa Kiswahili, koma ni neno la mtoto aliyetia kidole kwenye sukari. Akaeleza kwamba kwao Makueni koma ni lala. Koma nesa, lala vizuri. Mama yake alimwambia hivyo kila usiku wa utoto wake, akiwa mlangoni na taa mkononi, na baada ya maneno hayo hakuna jambo baya lililoweza kumpata mtu mpaka asubuhi.

"Ni kweli," Thuku alidakia. "Hata sisi Wakikuyu tunasema koma wega."

Ndinda akadhani yamekwisha. Akaenda kuloweka brashi, na aliporudi akamkuta Kadii juu ya ndoo.

"Nieleze basi," akasema sasa. "Nieleze kwa Kiswahili kinachoingia, maana nina haraka. Leo Jumamosi. Gundi inataka kutwa na kucha ndiyo ikauke. Jumatatu mjukuu wangu anatoka hospitali. Usiponieleza nitakuinua wewe na ndoo yako."

Kadii alimtazama, akatazama zulia, akarudisha macho chini. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, mwenye jibu la kila tusi, na kule kusita kwake kulimtia Ndinda baridi ambayo hakuitaka.

"Kwetu Wagiriama koma si lala, Mama Idah. Kwetu koma ni marehemu. Mtu mzima akifa, na asipotaka kusahauliwa, huwajia watu wake ndotoni. Nao humchongea kijiti, wakamsimamisha nje ya nyumba, wakamfunga vitambaa, wakamtilia tembo la mnazi kidogo. Huyo ndiye koma. Na vitambaa vyenyewe ni vya rangi gani? Vyekundu, vyeupe, vya buluu." Akanyoosha kidole. "Tazama zulia lako. Umemvika kabisa."

Randa ya Thuku ikanyamaza.

Ndinda alitazama. Katikati peupe, ukingo wa buluu, herufi nyekundu. Nyekundu alikuwa ameichagua kwa sababu ya buluu kukaribia kwisha, hakuna zaidi.

"Hizo ni rangi," akasema. "Ni uzi uliokuwa kwenye rafu."

"Mimi najua ni uzi."

"Na mimi ni Mkristo."

"Hata mimi. Kesho naimba kwaya, njoo unione. Lakini siwezi kuandika neno 'marehemu' nikalitandika kando ya kitanda cha mtoto mchanga, halafu nikasema ah, ni uzi tu. Tena mtoto mwenyewe..." Akakatisha.

"Mtoto mwenyewe nini?"

"Basi, mama."

"Maliza ulichoanza."

"Mtoto mwenyewe njiti."

Neno hilo lilijulikana mle ndani na hakuna aliyewahi kulitamka mbele ya Ndinda. Idah, binti yake, alijifungua kabla ya siku zake, kitoto cha kutosha kiganjani, wakakiweka kwenye chumba cha joto nyuma ya kioo. Aliyeruhusiwa kuingia ni mama mtu peke yake. Ndinda alikuwa mtunza stoo wa hoteli moja ya Kikambala, mwanamke aliyezoea kufungua kila mlango kwa ufunguo wake mwenyewe, na sasa akasimama nje ya kioo kama muuza njugu. Na shida ya mjukuu wake ilikuwa moja, ndogo kuisema na kubwa kuibeba: alisahau kupumua. Sista aliwaeleza kwa utulivu kwamba watoto waliokuja mapema, usingizi ukiwazidi, husahau. Kifua kinatulia. Unamgusa unyayo kwa ncha ya kidole, anashtuka, anakumbuka, anaendelea.

Ndinda aliliona hilo mara moja kupitia kioo. Aliona kifua kimetulia, aliona kidole cha sista kikienda kwenye unyayo, na kati ya mambo hayo mawili aliishi maisha mazima ya mtu mwingine, kutoka kuzaliwa hadi uzee. Tangu siku hiyo kila alipolala yeye mwenyewe aliamka akijisikiliza pumzi. Siku zake za mapumziko alikuja Kilifi kukaa kwenye benchi la hospitali, mpaka siku moja akaisikia ile tatatata ng'ambo ya barabara, akainuka, akaifuata. Alichokipenda kwanza si zulia. Alipenda kwamba ndani ya kelele ile mtu hawezi kujisikia akiwaza.

"Njiti ndiyo," akamwambia Kadii, na sauti yake haikutetemeka kwa sababu aliikataza. "Na sasa amenenepa. Wiki nzima hajasahau hata mara moja. Usimwite kama unaokota kuni."

"Nisamehe, mama."

"Msamaha wako ukiwa wa kweli, inuka."

Kadii hakuinuka. Thuku, aliyedhani ana dawa, akasogea na kalamu yake.

"Kwani lazima yote yang'oke? Badilisha herufi moja. Hiyo K ifanye S. Iwe SOMA NESA."

"Soma!" Kadii akageuka. "Fundi, mtoto hajajua kunyonya ushampeleka shule?"

"Nasaidia."

"Saidia mbao zako."

Siku nyingine Ndinda angecheka mpaka ashike ubavu. Leo hakucheka. Kulikuwa na jambo walilolijua yeye na Kadii peke yao: kung'oa hakukuwa rahisi. Kwenye herufi M, siku zake za kwanza, mkono wake ulichoka, bunduki ikasimama, ikachana kitambaa urefu wa kidole. Kadii alimshonea kwa sindano, akasema hapo pamechoka, usiparudie tena. Ukizitoa nyuzi hapo ukadunga upya kwenye matundu yale yale, kitambaa kikiachia, kinaachia chote. Na zulia lililochanika kwenye fremu ni tambara la kufutia gari. Kwa upande mwingine, gundi ikishapita, hakuna tena cha kung'oa. Uzi na gundi ni ndoa ya kanisani.

"Unajua wewe unafanya nini, Mama Idah?" Kadii akasema, taratibu sasa. "Siku ile ya kwanza tulipowamba kitambaa hiki, wewe upande ule, mimi upande huu, nilikwambia usivute peke yako, kitapinda. Ukavuta. Mwamba ngoma huvutia kwake. Ndivyo ulivyofanya na huyu mtoto. Ni wa nyumba mbili, wewe umevuta ngozi yote kwenu."

Hapo Ndinda akaiweka brashi chini. Si kwa upole.

"Kwangu? Nimevuta nini kwangu? Binti yangu wameoa wao. Nyumba ni yao, ukoo ni wao, jina la mtoto wamelitoa wao, hata hawakuniuliza kwa adabu, waliniambia. Sikusema kitu. Nilihama Makueni, nikaomba kazi pwani, nile joto hili, ili niwe karibu tu. Nimebakiwa na maneno mawili, Kadii. Mawili! Ya mama yangu. Kioo kile hakipitishi sauti, sijapata hata kumwambia mtoto yule maneno hayo. Ndiyo nikayaandika. Na hayo nayo unataka niyang'oe kwa sababu ya kijiti cha watu wasionijua?"

Nje, kijana wa bodaboda alikuwa akimwita abiria wake. Kadii akauliza kwa sauti ya chini:

"Jina gani walimpa?"

"Gona."

"Gona wa babu yake? Baba yake mkweo Ngowa?"

"Ndiyo. Mtoto wa kwanza wa kiume, ndiyo desturi yenu, au si desturi yenu?"

"Mzee yuko hai?"

"Alifariki kabla ya harusi."

"Pale kwao, nje, karibu na mlango wa nyumba ya mzee, hakuna kijiti? Kifupi hivi, kama paja. Kichwa mviringo. Kimefungwa kitambaa shingoni."

Na Ndinda akakiona. Alikiona wazi kuliko siku ile alipokuwa mbele yake. Siku ya kwenda kuongea habari za mahari, huko ndani upande wa Ganze, ua limefagiliwa, vumbi jekundu, na yeye na mkoba wake mpya mweupe hakutaka kuuweka chini. Aliona kijiti kimesimama pale kana kwamba kimewekwa kwa ajili hiyo, akautundika mkoba. Mama yake Ngowa akaja kimya kimya, akautoa mkoba, akamkabidhi kwa mikono miwili, akampisha akae. Hakusema neno. Ndinda alirudi nyumbani akisifu adabu za watu wa pwani.

Alijikuta ameketi kwenye kona ya meza ya Thuku, juu ya maranda.

"Nilitundika mkoba," akasema.

"Wapi?"

"Kwa mzee Gona."

Thuku alifunika mdomo kwa mkono. Kadii alitazama paa, mashavu yamejaa, akijitahidi kwa nguvu zake zote za Kikristo asicheke, na akashindwa, na kicheko chake kikawa kidogo na cha huruma. "Mkoba! Na bado wakaoa kwako? Hao ni watu wema, Mama Idah. Shika sana hao."

Lakini Ndinda hakuwa pale. Alikuwa kwenye nyumba ile, usiku wa Jumatatu. Mtoto anaitwa Gona. Nje amesimama Gona mwingine, kavaa nyekundu na nyeupe na buluu. Ndani, kando ya kitanda, kwa herufi za urefu wa mkono, limeandikwa jina la hali aliyonayo yule wa nje. Mama yake Ngowa angesoma. Angekunja uso? Hapana; angefanya kama alivyofanya na mkoba. Angenyamaza, angezunguka zulia bila kulikanyaga, kila siku, miezi na miezi, na Idah angemwona akizunguka. Na ikitokea, Mungu apishie mbali, ikitokea usiku mmoja kifua kimetulia na hakuna kidole cha kugusa unyayo, nani atauliza uzi ulikuwa wa rafu gani? Bibi wa bara ndiye aliyeleta. Aliandika kwa mkono wake.

Akainuka. Hofu ikimzidi hugeuka hasira, ndivyo alivyoumbwa.

"Siamini," akasema. "Siamini hata kidogo, na siwezi kuishi kwa kuogopa kijiti. Inuka, Kadii."

Safari hii Kadii akainuka. Akaukung'uta mfuniko kwa ncha ya leso, akasogea pembeni.

"Haya. Paka. Zulia ni lako. Ila fremu sitakushikia, na wala usiniulize kesho kwa nini."

Hilo lilikuwa baya kuliko kukatazwa. Mtu akikuzuia una kazi ya kusukuma. Akikupisha, mlango uko wazi na unalazimika kuona kilichoko ndani. Ndinda alifungua ndoo. Harufu ya gundi ikapanda, nzito, kama maziwa yaliyolala. Thuku alikuwa tayari amerudisha fremu, mgongo wa zulia mbele, herufi zimelala kinyume, hazisomeki. Hivyo hazikumtisha. Alichovya brashi. Alianza kutafuta pa kuanzia, akaamua kona ya chini, mbali na maneno. Brashi ikadondosha tone moja sakafuni.

Simu ikalia mfukoni mwa aproni.

Kwa muda wote huu wa hospitali, simu ilikuwa imeacha kuwa simu. Ilikuwa mnyama anayelala mfukoni mwake. Aliitoa kwa mkono wa kushoto, akaona jina la Idah, akapokea.

"Sema."

"Mama? Uko wapi?"

"Anapumua?"

"Anapumua, mama. Hujambo kwanza?"

"Idah, usinisalimie. Sema kilichotokea."

"Hakuna kilichotokea! Mbona unanifokea? Daktari amepita sasa hivi. Jumatatu tunatoka, amesema ni hakika." Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mtoto mwingine akilia, na ndoo ya kupigia deki ikiburutwa. "Ngowa yuko hapa na mama mkwe. Wanakusalimu. Mama mkwe amepiga magoti pale kwenye kioo, watu wote wanamtazama."

"Wasalimu na wao. Na masharti? Wamewapa masharti gani?"

"Ndiyo nakupigia. Joto, usafi, hayo tunayajua. Lakini shida ni usingizi. Tusimwache alale mno. Hata akiwa amelala vizuri vipi, usiku tumwamshe anyonye. Sista anasema akilia msiogope, akilia ni salama. Akilala vizuri sana ndipo mkae macho."

Ndinda aligeuza macho kwenye zulia.

"Mama? Umenisikia?"

"Rudia hiyo ya mwisho."

"Akilala vizuri sana ndipo mkae macho. Sasa mama mkwe amepanga zamu. Ya kwanza yeye, ya katikati mimi na Ngowa, ya alfajiri anauliza kama utaweza wewe. Anasema wewe una macho makali. Utakuja ulale kwetu?"

"Nitakuja. Mwambie alfajiri ni yangu." Akakata.

Alibaki na simu mkono mmoja na brashi mkono wa pili. Gundi ilikuwa ikitiririka kwenye mpini hadi kiganjani, na hakuifuta. Kadii na Thuku walikuwa wakimtazama bila kuuliza, kama watu wanavyomtazama mtu aliyepokea simu ya hospitali.

"Yuko salama," akawaambia. "Ni mzima."

"Alhamdulillahi," akasema Thuku, ambaye hakuwa Mwislamu lakini alikuwa amekaa pwani.

Ndinda akainama, akapita chini ya fremu, akatokea mbele ya zulia. Akasoma. Kwa Kiswahili maneno yale yalimwambia mtoto aache. Kwa Kigiriama yalimhesabu na waliokwisha kwenda. Na kwa lugha yake yeye, lugha ya mama yake na taa mlangoni, yalimwambia mtoto anayesahau kupumua usingizini alale, tena alale vizuri. Lugha tatu, na hakuna hata moja iliyomwambia apumue. Mama yake aliyasema maneno yale kwa mtoto mwenye mapafu kama ya mbuzi, aliyeamka asubuhi akidai uji. Hayakuwa na kosa. Mtoto ndiye aliyekuwa mwingine.

Alirudi nyuma ya fremu, akaitumbukiza brashi kwenye maji, akafunga ndoo, akaupiga mfuniko kwa ngumi mpaka ukaingia.

"Kadii. Ncha ya uzi wa hii K iko wapi?"

"Unang'oa?"

"Nauliza ncha iko wapi."

Kadii akaja, akapapasa mgongo wa zulia kwa ukucha, akaitoa ncha, nyekundu, fupi kama kiroboto. Ndinda akaishika kwa vidole viwili. Bunduki ile haikukata uzi ilipodunga. Ilipiga vitanzi mfululizo, kwa hiyo herufi nzima ilikuwa uzi mmoja. Akavuta. Uzi ukatoka kwa sauti ndogo, trrr, kitanzi baada ya kitanzi, na K ikaanza kuliwa kutoka mguuni. Alivuta bila kupumzika. O ikafuata. Uzi mwekundu ukarundikana miguuni pake.

Alipofika kwenye M alisimama.

"Hapo taratibu," Kadii akasema. Akapita mbele ya fremu, akaweka viganja vyake viwili kwenye uso wa zulia, akakikingia kitambaa pale penye mshono wa zamani. Sasa walikuwa wanatazamana kupitia kitambaa bila kuonana. "Vuta. Nimeshika."

"Kikiachia?"

"Kikiachia tutalia baadaye. Vuta."

Ndinda akavuta. Alisikia kitambaa kikiguna chini ya vidole, akaona matundu yakifunguka kama macho ya samaki, makubwa kuliko alivyopenda. Jasho liliingia jichoni, akafumba jicho hilo akaendelea na jingine. M ikatoka. A ikatoka kwa urahisi, kama iliyokuwa ikingoja.

"Nesa iache, Mama Idah," Thuku akasema kutoka mezani. "Si ulisema nesa ni vizuri? Vizuri haina ubaya."

"Vizuri ya nini? Zulia si kadi ya harusi." Akaitafuta ncha ya N mwenyewe, akaipata, akavuta. N, E, S, A. Katikati ya zulia pakabaki njia nyembamba za kitambaa kitupu, na mtu akitazama kwa makini angeweza bado kusoma, herufi za mashimo mahali pa herufi za uzi.

"Bado zinasomeka," akasema.

"Zijazie. Lakini ukijaza ndipo kitaamua kama kinachanika," Kadii akamwambia. "Unaweza pia kuacha, ukalitandika hivyo hivyo, ukaweka kitu juu."

"Nitandike mashimo? Niletee uzi mweupe. Mbili kwa pamoja. Thuku, shika fremu upande ule, na usivute kwako."

"Sivuti."

"Kadii, rudisha viganja vyako pale pale, ila ncha ikikaribia toa vidole, sitaki damu kwenye kitu cha mtoto."

"Sasa ananifundisha kazi yangu," Kadii akamwambia Thuku, lakini viganja vilikuwa tayari mahali pake.

Ndinda akapitisha nyuzi nyeupe kwenye tundu la bunduki, akazivuta zikafika mbele, akafuta kiganja chenye gundi kwenye aproni. Akaiweka ncha chini kabisa ya ile njia tupu, penye mguu wa M, pale pale palipochoka. Akakandamiza kwa mikono miwili, akabonyeza, akapandisha.